Katuba: moteri ilitetemeka bila kuzunguka, na kijana akaandikiwa deni

Lubumbashi. Katika atelie moja ya useremala, komine ya Katuba, mashini ya kuchonga mbao ilikataa kazi asubuhi ya Ijumaa, mwezi huu wa nane. Haikufa kabisa. Taa ziliwaka, kompyuta iliamka, chuma cha kuchongea kilipanda na kushuka vizuri, kikaenda mbele na kurudi nyuma. Lakini kilipoamriwa kwenda kushoto na kulia, moteri ya upande huo ilinguruma, ikatetemeka kama mtu mwenye malaria, na haikuzunguka hata kidogo. Kufikia saa nne mkosaji alikuwa amekwisha kupatikana: kijana wa miaka 19 anayejifunza kazi pale. Kufikia mchana jina lake liliandikwa katika daftari la patro, na mbele ya jina, bei ya moteri mpya pamoja na usafiri. Kwa malipo anayopata, ilikuwa ni miezi mitano ya kufanya kazi bure.

Mashini yenyewe si kubwa. Meza yake ni sentimita 60 kwa 90. Ilitoka China, ikapita Dar es Salaam, ikaingia kwa Kasumbalesa kama vitu vingi vya mji huu, na patro aliilipa kidogo kidogo kwa feza ya likelemba. Tangu ifike, atelie inachonga vichwa vya vitanda, mabango ya majina, misalaba ya makaburi na maua ya milango, kazi ambayo zamani mzee alifanya kwa patasi siku tatu. Wiki ile walikuwa na agizo la migongo 24 ya viti vya kanisa. Malipo ya kwanza yalikuwa yamekwisha kuliwa: nusu ilinunua mbao, nusu ililipa karo ya watoto wa patro. Migongo 9 ilikuwa tayari.

Kosa la kijana lilikuwa hili. Alhamisi jioni umeme ulikatika, kama kawaida. Akachomoa plagi ya moteri kwenye kisanduku cha umeme, kwa sababu aliwahi kusikia kwamba umeme ukirudi kwa nguvu unaunguza mashini. Baadaye wakawasha grupu, yeye akairudisha plagi. Mwenzake mmoja anasema aliirudisha wakati taa zimekwisha kuwaka. Kijana anasema hapana, zilikuwa bado. Hakuna mwingine aliyeona. Ijumaa asubuhi moteri ikakataa, na hapo hesabu ikawa rahisi sana: nani aligusa mara ya mwisho?

Hesabu hiyo inapigwa katika atelie nyingi za Lubumbashi, na hata katika nyumba. Kitu kikiharibika, watu wanauliza mkono kabla ya kuuliza kitu chenyewe. Na mkono unaopatikana, mara nyingi, ni wa yule asiye na sauti.

Patro alikuwa tayari kuagiza moteri nyingine. Mteja mmoja ndiye aliyemwambia asubiri, kuna mama anayetengeneza fotokopi na imprimante karibu na soko la komine ya Kenya, aje atazame kwanza. Patro hakupenda sana. Fotokopi na mbao vinajuana wapi? Lakini vinajuana. Ndani ya imprimante nyingi za zamani kuna moteri za namna ileile, ndogo tu, zinazovuta karatasi na kusukuma kichwa cha wino. Huyo mama amezifungua kwa miaka mingi.

Alikuja Jumatatu saa tatu, na mfuko mmoja wa begani. Hakuuliza nani aliharibu. Aliuliza hivi: "Papa, iko inalia namna gani?"

Swali hilo linahitaji maelezo kidogo, maana moteri hii si kama ile ya feni au ya kinu cha unga. Moteri ya feni unaipa umeme, inazunguka mpaka uuzime. Hii, ambayo waliosoma kwa Kifaransa wanaiita «pas à pas», inakwenda kwa hatua. Ndani yake kuna makundi mawili ya waya za kuzungushwa, na umeme unapewa kundi la kwanza, kisha la pili, kisha la kwanza kwa kugeuza, kisha la pili kwa kugeuza. Kila mgeuzo ni hatua moja. Katika moteri nyingi za aina hii hatua 200 zinafanya mzunguko mmoja kamili. Kwenye mashini ile mzunguko mmoja unasogeza chuma milimita 5, kwa hiyo hatua moja ni chini ya unene wa unywele. Anayegawanya umeme huo ni kidude kinachoitwa draiva, cheusi, ukubwa wa pakiti ya sigara, kimoja kwa kila moteri, nacho kinapokea amri kutoka kompyuta.

Basi moteri ya hatua ikikataa kuzunguka, inakataa kwa namna tatu, na kila namna ina habari yake. Ikiwa umeme umewashwa na mhimili wake unazungushwa kwa vidole bila upinzani, umeme haufiki kabisa: angalia plagi, fiuzi, chanzo cha umeme, au waya wa amri unaoifungua draiva. Ikiwa mhimili umekazwa kabisa na kuna kimya, umeme unafika lakini amri za hatua hazifiki: angalia kompyuta na waya zake. Ikiwa inatetemeka na kulia mahali pamoja, hapo kuna mambo matatu ya kuchagua. Ama imeamriwa kukimbia kupita nguvu zake, ama mzigo ni mzito au umekwama, ama kundi moja la waya halipati umeme. Kundi moja likikosekana, lingine linasukuma na kuvuta peke yake, na moteri haijui iende wapi. Inakwenda nusu hatua, inarudi, inakwenda, inarudi.

Ya Katuba ilitetemeka. Kwa hiyo kabla hajafungua mfuko, yule mama alikuwa amekwisha kuacha nusu ya mambo.

Alianza na mzigo. Akazima umeme, akangoja mpaka taa ndogo ndani ya kisanduku izimike yenyewe, akalegeza kiunganishi kati ya moteri na skrubu ndefu inayovuta chuma. Skrubu ilizunguka kwa mkono, ingawa ilikuwa na vumbi la mbao lililoshikana na grisi. Wakati wa kiangazi vumbi la Lubumbashi linaingia kila mahali, na hilo alilisema kwa ukali: grisi iliyochanganyika na vumbi ni msasa. Lakini haikuwa imekwama. Akawasha tena, moteri ikiwa huru bila kuvuta kitu. Ikatetemeka vilevile. Mzigo ukatolewa katika orodha.

Kisha mwendo. Akamwambia kijana apunguze mwendo kwenye kompyuta mpaka chini kabisa. Vijana wa mashini hizi wanapenda kuziamuru zikimbie, na moteri ya hatua ina tabia moja ambayo watu wengi hawaijui: kadiri inavyokwenda haraka ndivyo nguvu yake inavyopungua. Ukiamuru mwendo mkubwa ghafla, inashindwa kuushika mwanzo na inalia tu. Lakini hata kwa mwendo wa konokono ilitetemeka. Mwendo nao ukatoka.

Akapima umeme wa chanzo. Ulikuwa volti 36, ndivyo ilivyoandikwa juu yake. Akatazama swichi ndogo za pembeni ya draiva, zinazopanga kiasi cha umeme, akalinganisha na draiva nyingine. Zilikuwa sawa.

Hapo akafanya jambo ambalo halihitaji chombo chochote na ambalo kila atelie yenye moteri zaidi ya moja ingeweza kulifanya Ijumaa ileile. Akazima umeme, akangoja, akabadilishana plagi mbili: moteri mbovu ikaingia kwenye draiva ya moteri nzima, na nzima ikaingia kwenye draiva ya mbovu. Akawasha. Moteri nzima, ikiendeshwa na draiva iliyoshukiwa, ilikwenda mbele na nyuma bila neno. Moteri mbovu, ikiendeshwa na draiva isiyoshukiwa, ilitetemeka.

"Draiva ziko zima zote mbili," alisema. "Kompyuta pia."

Kwa patro huo ulikuwa ushahidi kwamba alisema kweli tangu mwanzo: moteri imeungua, mutoto ameiunguza. Kijana alikuwa amesimama mlangoni na ufagio mkononi, akifagia mahali palipokwisha fagiwa.

Mama yule akamgeukia patro. "Papa, mtu akichomoa plagi ya moteri na umeme ungali unapita, ni kitu gani kinakufa?"

Patro akasema moteri.

"Hapana. Inakufa draiva."

Na ni kweli. Waya za ndani ya moteri zinaweka nguvu ya umeme ndani yao. Ukizikata ghafla, nguvu hiyo inaruka na kupiga sehemu ndogo za draiva ambazo haziwezi kuvumilia. Ndiyo sababu mafundi wanakataza kabisa kuchomoa au kuchomeka moteri ya hatua wakati taa zinawaka. Moteri yenyewe ni shaba na chuma, inavumilia mengi. Kama kijana alifanya kosa lile Alhamisi, draiva ndiyo ingekuwa maiti, na draiva ilikuwa imetoka kuzungusha moteri mbele ya macho ya watu wanne. Hilo halikuthibitisha kwamba hakulifanya. Lilithibitisha kwamba ugonjwa uliokuwa mezani haukutokana nalo. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, hasa kwa mtu anayedaiwa miezi mitano.

Alimwambia kijana pia, bila kumbembeleza: "Na wewe, mdogo wangu, usirudie kushika ile plagi kabla haujazima kila kitu. Umesikia?" Kijana akaitika, "Ndiyo, yaya."

Baada ya hapo ndipo chombo cha kupimia kikatoka mfukoni, kile cha njano kinachouzwa kila mahali. Kwanza aligusanisha ncha zake mbili ili ajue chombo chenyewe kinadanganya kiasi gani. Kisha akapima kwenye plagi ya moteri mbovu, ikiwa imechomolewa. Plagi ina miguu minne, miwili kwa kila kundi la waya. Kundi la kwanza lilionyesha zaidi kidogo ya omu moja, kama inavyotakiwa kwa moteri ya ukubwa ule. Kundi la pili halikuonyesha kitu. Njia imekatika.

Wengi wangeishia hapo. Kundi moja limekatika, moteri imekufa, tunaagiza. Lakini kati ya ile plagi na moteri kulikuwa na waya wa karibu mita tatu, na chombo hakiwezi kusema kama njia imekatika ndani ya moteri au katikati ya safari. Akaenda upande wa pili, juu ya daraja la mashini mahali moteri imefungwa, akafungua kiunganishi kidogo, akapima kwenye waya zinazotoka ndani ya moteri yenyewe. Kundi la kwanza, omu moja na kidogo. Kundi la pili, omu moja na kidogo.

"Moteri iko muzima, Papa."

Patro alitazama chombo cha njano, akasema yeye hawezi kutupa agizo la kanisa kwa sababu ya hesabu za kitu kile. Ana miaka zaidi ya 60, na katika maisha yake ameuziwa vitu vingi kwa kuonyeshwa namba. Hakuwa na haya kulisema.

Yule mama hakukasirika. Akamwomba patro ashike mhimili wa moteri kwa vidole na auzungushe. Ulizunguka kwa urahisi. Kisha akagusanisha waya mbili za kundi la kwanza, akasema, "Zungusha tena." Patro akazungusha, akasimama. Mhimili ulikuwa mgumu, ukienda kwa kukwamakwama kama mtu anayeuzuia kutoka ndani. Waya zikaachanishwa, ukawa mwepesi. Akagusanisha za kundi la pili. Mgumu tena.

Huo ni ujuzi wa zamani wa mafundi wasio na chombo. Moteri ikizungushwa kwa mkono inatengeneza umeme wake. Ukiunganisha miguu miwili ya kundi moja, umeme huo unazunguka na kupinga mkono unaouzalisha. Kundi likiwa limekatika, hakuna upinzani. Kwa njia hiyo mtu anaweza pia kutambua waya zipi ni za kundi lipi, jambo la maana kwa sababu rangi za waya haziaminiki: kila kiwanda kina mpango wake.

Kisha akarudisha kiunganishi cha juu, akaenda kugusanisha miguu ya kundi la pili kwenye plagi, mwisho wa ule waya wa mita tatu. "Zungusha, Papa." Ulizunguka mwepesi. Akagusanisha ya kundi la kwanza. Mgumu. La pili tena. Mwepesi.

Patro alizungusha mara tano au sita, bila kuambiwa. Hakusema kitu. Ndipo akatazama waya.

Waya huo unapita ndani ya mnyororo wa plastiki unaojikunja na kujikunjua kila daraja linapokwenda mbele na kurudi. Moteri ya kushoto na kulia imebebwa juu ya daraja, kwa hiyo waya wake unakunjwa maelfu ya mara kwa mwezi, mahali palepale. Mama alishika waya na kuukunja polepole kwa vidole huku kijana akishika ncha za chombo. Karibu na mahali mnyororo unapogeuka, namba zikaruka: zipo, hazipo, zipo. Akapachana kwa kisu. Nje ganda zuri, halina alama. Ndani, nyuzi zimekatika zote katika mojawapo ya waya nne, na zilipokwaruzwa zilikuwa nyekundu juu na nyeupe katikati. Si shaba. Ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo ni rahisi na inavunjika upesi ikikunjwa mara kwa mara.

Watu wa atelie walicheka kidogo, kicheko cha uchungu. Lubumbashi iliyeyusha shaba yake ya kwanza mwaka 1911. Mji mzima ulijengwa juu ya shaba, lori za shaba zinapita usiku na mchana kuelekea Kasumbalesa, na waya uliorudi kwa njia ileile ulikuwa umepakwa tu.

Lakini lililobadili hewa ya atelie ni swali alilouliza mama wakati anapima urefu wa waya mpya. Alimuuliza kijana, si patro: mbele ya Alhamisi, michoro ilikuwa inatoka sawa?

Kijana alisita. Kisha akasema hapana. Tangu mwezi wa saba, mara nyingine maua yalikuwa yanahama. Mashini inachonga vizuri, halafu mstari unaruka upande kwa milimita mbili tatu, na yote yanayofuata yanakuwa yamehama vilevile.

"Mahali gani ya meza?"

"Kule mwisho, yaya. Daraja likifika mbali."

Kule mwisho ndiko mnyororo unakojikunja zaidi mahali pale waya ulipokatika. Kila nyuzi zilipoachana kwa kitambo, moteri ilipoteza hatua kadhaa, na mashini ya aina hii haina macho: haijui kwamba imepoteza hatua, inaendelea kuchonga ikidhani iko mahali sahihi. Waya ulikuwa unakufa kwa wiki nyingi. Alhamisi jioni au Ijumaa asubuhi ulimaliza.

Na kijana alikuwa amesema. Alimwambia patro mwezi wa saba kwamba maua yanahama, akajibiwa kwamba anafunga mbao vibaya. Mbao mbili zilizoharibika siku hizo ziliandikwa kwenye jina lake. Jambo hili patro mwenyewe alilikubali mbele ya watu, kwa sauti ya chini, na inafaa liandikwe kwa heshima yake, maana angeweza kunyamaza na hakuna ambaye angemuuliza.

Waya mpya ulinunuliwa sokoni mchana uleule, waya laini wa nyuzi nyingi nyembamba, ukakwaruzwa kwa kisu dukani kabla ya kulipwa. Patro alitaka kwanza ule wa zamani ukatwe na kuunganishwa kwa risasi, iwe rahisi. Mama alikataa: kiungo cha risasi ni kigumu, na ndani ya mnyororo unaokunjika waya utakatika tena pembeni yake kabla ya Krismasi. Ukavutwa waya mzima, kutoka plagi mpaka moteri. Kabla ya kuwasha akapima makundi yote mawili, na akahakikisha hakuna waya unaogusa chuma cha mashini. Saa kumi moteri ilizunguka. Kwa siku mbili zilizofuata walifanya kazi na grupu mpaka usiku, na viti vya kanisa vilitoka Jumamosi, migongo 24, mmoja una ua lililohama kidogo ambalo halionekani usipoambiwa.

Fundi alilipwa kazi ya siku moja. Kabla ya kuondoka aliacha kipande cha ule waya mbovu kimetundikwa kwenye msumari juu ya kisanduku cha umeme, na kijana sasa ndiye anayepima waya za mashini kila Jumatatu asubuhi, umeme ukiwa umezimwa, kwa chombo cha njano ambacho patro amekubali kununua.

Deni la moteri lilifutwa kwa kalamu nyekundu. Kuhusu mbao mbili za mwezi wa saba, patro amesema watazungumza mwisho wa mwezi.